Gari linalojiendesha likiachiwa Kange, litafika Segera?

#1 Suka wa Kange
Habari za jioni wanajamvi. Swali langu ni dogo, msinirukie. Hapa kijiweni stendi ya Kange, Tanga, kuna kijana katuonyesha video ya teksi za Marekani zinatembea bila mtu kwenye usukani. Abiria kakaa nyuma, usukani unajizungusha wenyewe. Tukagawanyika papo hapo. Nusu wanasema miaka si mingi madereva wote wa njia hii tutakuwa tunauza machungwa Muheza. Nusu wanasema dude lile likitoka Kange halifiki hata Pongwe.

Mimi nipo na hao wa Pongwe. Dai langu ni hili: barabara zetu haziendeshwi kwa sheria, zinaendeshwa kwa maelewano. Nikiwa nyuma ya lori la saruji kwenye mlima, sioni mbele. Dereva wake akiwasha indiketa ya kushoto najua njia nyeupe, naovateki. Akiwasha ya kulia natulia, kuna kitu kinashuka. Hajawahi kuniona wala simjui jina, lakini roho yangu na za abiria wangu namkabidhi yeye. Hilo halifundishwi chuo chochote cha udereva. Kompyuta italijuaje?

Waliosoma mtusaidie.

#2 Ngoja Nione
Nimeweka kambi. Mimi nadunduliza ninunue bajaji, kwa hiyo uzi huu unanihusu moja kwa moja. Wajuvi njooni.

#3 Mbeba Boksi Arizona
Mkuu Suka, video ni ya kweli. Nipo Phoenix huku, hizo teksi napanda. Kampuni ni Waymo, ilianza kama mradi wa Google mwaka 2009, na hapa wanabeba raia bila dereva kabisa tangu 2020. Unaita kwa simu, linakuja Jaguar jeupe lina kimnara kinazunguka juu ya paa. Unaingia, unafunga mkanda, unabonyeza kuanza, safari. Mara ya kwanza nilishika mlango njia nzima. Siku hizi nasinzia.

Halichati, halijanywa, halina haraka ya kuwahi abiria wa kituo kinachofuata. Ila niseme ukweli: Phoenix barabara pana, zimenyooka, mistari inang'aa na mvua ya kuhesabu. Hawakupachagua hapa kwa bahati.

#4 Bajaji Makorora
Mvua ya kuhesabu! Basi masika ya Tanga liyasikie redioni tu. Kuna mashimo huku mtaani yakijaa maji mimi mzaliwa nashuka napima kwa mti kwanza ndipo napita. Hilo Jaguar lina mti?

#5 Fundi Umeme Chumbageni
@Bajaji 😂😂

Nijaribu kulifafanua, maana naona watu wanasema "roboti" na kuishia hapo. Gari lile lina macho ya aina tatu. Kuna kamera, zinasoma rangi na vibao, ila jua likizipiga usoni zinapofuka. Kuna rada, inajua kitu kipo umbali gani na kinakuja kwa kasi gani hata kwenye ukungu, lakini umbo la kitu chenyewe hailipati vizuri. Halafu kuna laida, ndiyo hiyo iliyomo kwenye mnara wa paani: inarusha miali ya leza na kupima muda wa kurudi, ndipo inachora umbo la kila kilicholizunguka. Tesla wao wamekataa laida, wanategemea kamera. Ubishi huo hata kwao haujaisha.

Sasa kuona ndiyo kazi nyepesi. Kazi ni kubashiri. Mtoto kasimama ukingoni kashika mpira. Atavuka au anasubiri mwenzake? Wewe dereva unamtazama macho, unajua. Mashine inakisia kwa mamilioni ya mifano iliyoonyeshwa, na kama mifano yote ni ya California, basi inamkisia mtoto wa California.

Tusilidharau lakini. Mwaka 2004 wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani uliweka shindano jangwani, njia ya kama kilomita 240. Hakuna gari lililomaliza, lililoongoza lilikwama baada ya kilomita 12 hivi. Mwaka uliofuata yakamaliza magari matano. Mwaka mmoja tu!

#6 Kijana wa Mjini
Mnahangaika na Waymo wakati Tesla tayari inajiendesha yenyewe zamani. Binamu yangu yuko Dubai kaniambia.

#7 Fundi Umeme Chumbageni
Mwambie binamu asiachie usukani. Kuna ngazi, sifuri mpaka 5. Tesla anayonunua mtu wa kawaida ipo ngazi ya 2: gari linashika njia na kupunguza mwendo, lakini dereva ni wewe na lawama ni zako. Ngazi ya 3 unaweza kutazama pembeni kwenye mazingira fulani ila likikuita uitike. Mercedes waliruhusiwa Ujerumani, wakaanza na mwendo usiozidi 60 kwa saa, yaani kwenye foleni ya barabara kuu. Waymo ni ngazi ya 4, hawahitaji dereva lakini ndani ya eneo walilolichora tu. Ngazi ya 5, popote na wakati wowote, haipo duniani leo.

Mwaka 2016 huko Florida jamaa aliliamini lile la ngazi ya 2. Lori likakatiza mbele, ubavu wake mweupe na mbingu nyeupe. Si yeye wala gari aliyefunga breki. Alifariki.

#8 Dada Mkonge
Jamani mnacheka lakini mimi nafanya kazi wodi ya majeruhi. Sitaji hospitali. Njooni Jumapili usiku muone miguu ya vijana wa bodaboda. Duniani wanakufa watu kama milioni 1.19 kila mwaka kwa ajali za barabarani, hiyo ni taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya 2023. Na asilimia 94 ya ajali ni makosa ya dereva. Kama kuna mashine isiyolewa na isiyosinzia, mimi nasema iletwe hata kesho, na ninyi masuka mkauze hayo machungwa kwa amani.

#9 Utingo Mstaafu
Dada yangu, pole na kazi. Lakini ngoja nikuulize jambo moja kuhusu hiyo mashine.

Lori likikufia njiani usiku, kitu cha kwanza utingo anachofanya si kumpigia bosi simu. Unashuka na panga, unakata matawi, unayalaza barabarani kwa hatua: tawi la kwanza mbali kabisa, la pili karibu kidogo, mpaka unafika kwenye tela. Kila dereva wa nchi hii akikuta majani barabarani anakanyaga breki kabla hata hajaliona lori. Pembetatu za kung'aa tunazo, ila zinaibwa. Majani haibi mtu.

Haya. Kompyuta inayaona majani au inaona takataka? Tena kuna la pili: lori likitengemaa wengi wanaondoka, matawi wanayaacha. Binadamu akifika anachungulia, anaona hakuna lori, anapita. Gari lako litasimama pale mpaka majani yaoze.

#10 Suka wa Kange
@Utingo Mstaafu mzee wangu shikamoo. Hapo umetema madini.

#11 Utingo Mstaafu
Marahaba. Na wale wanaoweka jiwe kuzuia tairi kisha wanaliacha jiwe hapohapo, Mungu anawaona.

#12 Wakili wa Mtaa
Naomba kumrekebisha Dada Mkonge kwa heshima. Hiyo 94 inatoka kwenye ripoti ya Marekani ya 2015, na ripoti yenyewe inaonya isisomwe hivyo. Walichosema ni kwamba dereva ndiye alikuwa kiungo cha mwisho kwenye mnyororo wa mambo kabla ya ajali. Tuta lisilo na rangi, taa mbovu, breki za kuunganisha, bosi anayetaka magurudumu yasipoe, vyote vinabaki nyuma ya hiyo namba. Ukimtoa dereva, barabara mbovu haijatoka.

La kwangu mimi ni tofauti na la Suka. Tatizo la kwanza si indiketa, ni sheria. Sheria yetu ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya 1973. Imejengwa juu ya mtu: leseni ni ya mtu, ulevi ni wa mtu, kuendesha kwa uzembe ni kwa mtu. Sheria ya bima, Sura ya 169, nayo inadai gari liwe na bima dhidi ya madhara kwa wengine, hata ile bima ndogo tunayoijua wote. Gari lisilo na dereva likimgonga mama pale Mabanzini, polisi aandike jina la nani? Mwenye gari aliyekuwa amelala nyuma? Aliyeandika programu? Muuzaji wa Japani?

Waingereza wamejibu mwaka 2024. Wametunga sheria inayosema gari likiwa linajiendesha, anayejibu kwa namna lilivyoendeshwa ni taasisi iliyoidhinishwa kuliweka barabarani, si aliyekaa ndani. Kwetu hatujafika huko.

#13 Suka wa Kange
Wakili unataka kuniambia kule kwao bosi ndiye anayebeba msalaba? Siamini.

#14 Wakili wa Mtaa
Uko sahihi kutoamini. Kisa cha Tempe, Arizona, Machi 2018. Gari la majaribio la Uber lilimgonga mama aliyekuwa anavuka usiku. Ndani kulikuwa na mtu wa akiba wa kushika usukani mambo yakiharibika, naye simu ilikuwa imemteka. Waendesha mashtaka walisema kampuni haina jinai ya kujibu. Yule mwajiriwa ndiye aliyeshitakiwa, na 2023 akakiri kosa, akapewa miaka 3 ya uangalizi.

#15 Suka wa Kange
Nilijua. Utingo ndiye mwenye makosa siku zote.

#16 Baiskeli ya Sahare
Mnaruka jambo kubwa la kisa hicho. Yule mama alikuwa anasukuma BAISKELI. Nilisoma kilichoandikwa na wachunguzi, nikakosa usingizi. Gari lilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, muda wa kutosha kabisa. Lakini likawa linabadilisha mawazo: mara kitu kisichojulikana, mara gari, mara baiskeli. Na kila lilipombadilisha jina lilisahau alikokuwa anaelekea, likaanza kukisia upya. Tena halikutengenezwa kufikiria kwamba mtu anaweza kuvuka pasipo na zebra. Breki za dharura za kiwandani za gari hilo zilikuwa zimezimwa wakati kompyuta inaendesha.

Sasa nani asiyejua Tanga ni mji wa baiskeli? Mimi asubuhi nyuma nina kreti za soda, mbele mtoto wa shule kakaa kwenye bomba, na kwenye usukani kuna dumu la mafuta ya taa. Nikifika njia panda nashuka nasukuma. Litaniita nani? Na zebra yenyewe ikiwapo rangi imeshalika.

#17 Mbeba Boksi Arizona
Kaka, usichanganye mafaili. Hao walikuwa Uber, na kitengo hicho walishakiuza. Waymo ni wengine na wanakwenda kwa tahadhari zaidi. Huku wenye baiskeli wanapishwa kuliko wanavyopishwa na watu.

#18 Baiskeli ya Sahare
Sijachanganya. Nimesema baiskeli na njia isiyo na zebra. Hivyo vitu viwili ndivyo Tanga yenyewe.

#19 Fundi Umeme Chumbageni
Na wengine wapo. Cruise ya General Motors, San Francisco, Oktoba 2023: mtu aligongwa na gari jingine lenye dereva, akarushwa mbele ya gari la Cruise. Likamgonga, likasimama, kisha likaamua kusogea pembeni kwa usalama, na mtu yuko chini yake. Likamburuta kama mita 6. California wakawanyang'anya kibali mwezi huohuo, na mwisho wa 2024 GM wakaacha kabisa biashara ya teksi hizo.

Nawaza sana hapo kwenye "likaamua kusogea pembeni". Lilifuata kanuni. Dereva yeyote angesikia yowe.

#20 Msambaa wa Soni
Nyie watu wa pwani mnaongelea barabara iliyonyooka mpaka mnapiga miayo. Lileteni Mombo lipande Lushoto. Upande mmoja mwamba, upande mwingine ukichungulia unaona mapaa ya watu chini. Ukungu wa Julai huoni boneti yako. Pale kanuni ni moja: unapiga honi KABLA ya kona, unasikiliza. Ukijibiwa unabana. Aliyebeba mzigo anapanda, mtupu anampisha. Hilo gari lina masikio?

#21 Mbeba Boksi Arizona
Lina vipaza sauti, linasikia ving'ora vya ambulansi na zimamoto.

#22 Msambaa wa Soni
King'ora kinalia muda wote. Honi ya Soni ni moja tu fupi, na ile ya salamu nayo ni moja fupi. Likae kwanza Soni mwaka mzima ndipo lipewe leseni.

#23 Kijana wa Mjini
Wasambaa bwana, hata roboti lianze kwa kulima kabeji 🤣

#24 Raskazone Upepo
Mimi ninalo nusu yake, niwape uzoefu. Gari langu limetoka Japani, aina siitaji, lina ule mfumo wa kushika mstari na kufunga breki lenyewe.

Kwanza kila nikiwasha kuna dada ananisemesha Kijapani. Nimeambiwa anaulizia kadi ya kulipia barabara za kwao. Nimeshamzoea, namjibu "haya mama" tunaondoka. Kioo chote Kijapani, kwa hiyo likinionya sijui linanionya nini, najua tu limekasirika.

Kushika mstari: penye mistari mizuri unaona kialama cha kijani kwenye dashibodi, usukani unakuvuta kidogo ukichepuka. Tatizo ni mstari ukififia au mchanga ukiufunika. Kile kialama kinazimika kimya kimya. Hakuna mlio. Ukiwa unaongea na abiria unadhani mnaendesha wawili kumbe uko peke yako. Hicho ndicho kinaniogopesha kuliko lisilokuwa na dereva kabisa.

Breki sasa. Muheza, wauza machungwa wanavyokimbilia magari mnawajua. Mmoja akaunyoosha mti wake wenye mifuko mbele ya boneti. Gari likafunga breki zote, mimi pua kwenye usukani, nyuma Kosta ikasimama kwa kelele, konda akatoa kichwa na maneno ya Kibondei ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mchuuzi yeye akaja dirishani anatabasamu, kajua nimesimamia machungwa. Nikanunua mfuko mzima kwa aibu.

#25 Bajaji Makorora
Hahaha. Wachuuzi wa Muheza watayapenda sana hayo magari. Unanyoosha mti, biashara imeisha.

#26 Fundi Umeme Chumbageni
Bajaji umesema kwa utani lakini imeshatokea. San Francisco mwaka 2023 waandamanaji waligundua ukiliwekea koni ya barabarani juu ya boneti, gari linaganda. Wakawa wanazunguka usiku wanayaganda yote. Mwaka huohuo moja liliingia kwenye zege bichi la mafundi likanasa. Na Australia, Volvo walikiri 2017 kwamba mfumo wao wa kutambua wanyama unababaishwa na kangaruu: akiruka juu unamwona yuko mbali, akitua unamwona karibu.

Kwa hiyo mbuzi wa Kimasai wanaovuka kwa awamu mbili, nusu kwanza halafu mmoja anarudi kumfuata mwenzake, hilo ni somo la peke yake.

Mwisho kuna umeme. Desemba 2025 umeme ulikatika San Francisco eneo kubwa, taa za barabarani zikazima, teksi za Waymo zikasimama kwenye njia panda zinasubiri, foleni kila mahali, mpaka huduma ikasitishwa kwa muda. Sisi taa zikizima ndiyo kwanza tunapita vizuri.

#27 Dada Mkonge
Unajisifia kwa hilo Fundi? Zikizima ndiyo mnaniletea watu wodini.

#28 Mzee wa Barabara ya Tisa
Wanangu, nimesoma kimya tangu juzi. Mnagombana kwa sababu mnataka mashine na mtu wagawane njia moja. Reli ya hapa Tanga Wajerumani walianza kuijenga 1893, na hakuna aliyesema treni ijifunze kupisha ng'ombe. Ilipewa njia yake, ng'ombe akafundishwa adabu. London kuna njia ya chini ya ardhi ambayo treni zake zinajiendesha tangu 1968, dereva anafunga milango tu. Dubai tangu 2009 hakuna dereva kabisa. Hizo hazina ubishi kwa sababu hakuna mchuuzi relini.

Mimi naona hayo magari yataanzia mahali penye geti.

#29 Gati Namba Mbili
Mzee shikamoo, umenitangulia. Nipo shughuli za bandari. Rotterdam magari ya kubeba makontena yasiyo na dereva yapo tangu 1993, kabla Google haijazaliwa. Mali kuna mgodi wa dhahabu, Syama, wana malori ya chini ya ardhi yanayojiendesha. Afrika hiyohiyo. Kwa hiyo swali la Kange mpaka Segera mimi naliona limekaa upande. Waulizeni madereva wa ndani ya geti kwanza. Huko hakuna baiskeli wala mbuzi, na hakuna trafiki.

#30 Suka wa Kange
Trafiki! Hilo tumesahau. Akilisimamisha litatoa leseni ya nani?

#31 Wakili wa Mtaa
California waligonga ukuta huohuo. Askari anaona gari limekosea, hakuna wa kumwandikia. Ilibidi 2024 watunge sheria ili polisi waiandikie kampuni taarifa ya kosa.

#32 Kijana wa Mjini
Siku ya mechi Mkwakwani, Coastal Union imefungwa, mashabiki wamejaa barabarani. Gari hilo litapita vipi?

#33 Bajaji Makorora
Kwa kuwa Coastal kufungwa ni kawaida, lina mifano ya kutosha.

#34 Gati Namba Mbili
@Bajaji wewe ni African Sports tunakujua. Rudi kwenye mada.

#35 Ustadhi Msambweni
Assalam alaykum. Mimi nina jambo ambalo Wakili kaligusa kwa sheria, naomba niliguse kwa upande wa msiba.

Mwaka fulani dereva alimgonga mtoto wa jirani yangu, mtoto akafariki. Siku ya tatu wazee wa upande wa dereva walikuja na kijana wao. Hakuongea. Alikaa mkekani kichwa chini, wazee wakamsemea. Baba wa marehemu alinyamaza muda mrefu kisha akasema maneno mawili ya kusamehe. Kesi ya serikali iliendelea kivyake, lakini mtaa ulipona kuanzia pale.

Diya inaweza kulipwa na yeyote, hata bima. Nauliza mkekani atakaa nani? Kampuni italeta mwakilishi aliyevaa suti, hajawahi kumwona mtoto?

#36 Utingo Mstaafu
Ustadhi, wapo madereva waliokimbia porini wakaacha gari, hawakukaa kwenye mkeka wa mtu. Mashine angalau haikimbii.

#37 Ustadhi Msambweni
Ni kweli. Na aliyekimbia tunamjua jina.

#38 Bajaji Makorora
Niseme la kwangu kwa utulivu sasa. Mnachosahau ni hela. Marekani dereva ni ghali, ndiyo maana wanahangaika kumtoa. Hapa mimi nampelekea bosi hesabu yake kila jioni, mafuta juu yangu, pancha juu yangu, nikiumwa juu yangu. Laida na kompyuta za gari moja la Waymo ni bajaji ngapi? Nani mwenye akili atanunua mashine kumtoa mtu anayejilipia mwenyewe? Mnatafuta sababu za mbuzi na majani, wakati sababu ni kwamba sisi ni rahisi kuliko mashine. Tutabaki kwa huo umaskini wetu.

#39 Dada Mkonge
Bajaji hilo ndilo neno la maana kuliko yote humu na wala halifurahishi.

#40 Gati Namba Mbili
Halafu vifaa hivyo vinashuka bei kila mwaka. Wachina Wuhan wana teksi hizo, Apollo Go ya Baidu, na nauli zilipoanza zilikuwa chini kuliko za wenye madereva, mpaka madereva wakalalamika. Hesabu ya Bajaji ni ya leo tu.

#41 Suka wa Kange
Nikubaliane na nani sasa? Wakili anasema sheria, Mzee anasema geti, Ustadhi mkeka, Bajaji hela. Mimi bado nipo kwenye indiketa. Mtu wa kijiweni alinijibu kwamba magari yote yakiwa hayana dereva yataongea yenyewe kwa mtandao, indiketa haitahitajika. Nikamuuliza na la saruji la mwaka sabini na ngapi litaongea na nani.

#42 Fundi Umeme Chumbageni
Hilo ndilo gumu, kipindi cha mchanganyiko. Mpya na kuukuu, punda na kompyuta, barabara moja.

#43 Dada Mkonge
Hakuna aliyejibu hoja yangu ya kusinzia. Nimeuliza tangu mwanzo. Basi la usiku, dereva kasinzia alfajiri, limeparamia lori lililosimama. Hapo mkeka na matawi vimesaidia nini?

#44 Utingo Mstaafu
Dada, dereva hasinzii kwa sababu ni binadamu. Anasinzia kwa sababu kashuka Dar jioni kapandishwa tena usiku uleule. Mabasi ya masafa yana vifaa vya LATRA, wale wadhibiti wa usafiri wa ardhini, vya kufuatilia mwendo, na bado kuna wanaovichezea. Mpe mwenzake wa kupokezana na godoro, usingizi unaisha bila laida.

#45 Dada Mkonge
Mwaka gani mabosi watatoa hilo godoro?

#46 Utingo Mstaafu
Hapo sina jibu, dada.

#47 Raskazone Upepo
Kuna anayejua fundi wa kubadilisha lugha ya kioo kutoka Kijapani? Aje pembeni tafadhali.

#48 Ngoja Nione
Asanteni wakuu, nimesoma zote na mmenichanganya zaidi. Bajaji ninunue au nisinunue?

#49 Bajaji Makorora
Nunua mkuu, usiogope. Tena mimi nauza yangu, haina deni, injini haijafunguliwa.

#50 Ngoja Nione
Si umesema ninyi mtabaki? Unauza ya nini?

#51 Bajaji Makorora
Njoo pembeni tuongee bei kwanza.